Kinywa Kimoja, Baraka na Laana: Nguvu ya Maneno Katika Maisha ya Usharika



Katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea taarifa za visima, madarasa, mbuzi wa maziwa na zahanati. Hayo ni mambo yanayohesabika, na ni haki ya wafadhili na washarika kujua yamefikia wapi. Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia kitu ambacho hakina kifungu katika bajeti ya mradi wowote, hakihitaji stakabadhi, na kila msharika anacho. Kitu hicho ni maneno yanayotoka kinywani.

Nia ya makala hii ni kueleza kwa nini Biblia inayapa maneno uzito mkubwa, nguvu yake inatoka wapi, na kwa nini kamati za sharika zinapaswa kuyalinda kama zinavyolinda sadaka. Tutachukua mfano mmoja ambao nchi yetu inaujua kwa uchungu, yaani maneno yanayosemwa juu ya watu wenye ualbino.

NENO LINALOTENDA

Biblia inaanza na Mungu anayesema. Katika Mwanzo sura ya 1 Mungu ananena, na kile alichokinena kinakuwapo. Injili ya Yohana nayo inaanza kwa kumwita Kristo Neno. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia (Rum. 10:17). Martin Luther, katika maandishi yake ya mahubiri ya mwaka 1522, alilieleza Kanisa kuwa ni nyumba ya kinywa zaidi kuliko nyumba ya kalamu. Alitaka watu waelewe kwamba Injili ni habari inayotangazwa na kusikiwa, mtu akimwambia mwenzake kwa sauti.

Hata mambo ya kawaida ya usharika wetu yanaonyesha kwamba neno si pumzi tu. Kijana na binti wanapoingia kanisani siku ya ndoa, kila mmoja anatamka ahadi mbele ya mashahidi, nao wanatoka wakiwa mume na mke. Mtoto anapobatizwa, anaitwa kwa jina lake, na maji yanaambatana na neno la Mungu. Tunapoungama dhambi, mchungaji anatutangazia msamaha kwa jina la Kristo, nasi tunaondoka tukiwa tumesamehewa. Katika matukio hayo yote neno linatenda. Linafunga agano, linampa mtu mahali pake katika familia ya Mungu na kumwondolea mzigo.

Kama neno linaweza kumpa mtu mahali pake, basi linaweza pia kumnyang'anya. Hapo ndipo Yakobo anapotuonya. Anaufananisha ulimi na lijamu ya farasi, na usukani mdogo unaoongoza merikebu kubwa, kisha na moto mdogo unaoteketeza msitu mzima. Halafu anafika kwenye shtaka lenyewe: kwa ulimi ule ule tunamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake (Yak. 3:9-10). Angalia kwamba Yakobo halalamikii kelele au maneno mengi. Anasema huwezi kumheshimu Mungu huku unamtukana yule aliyebeba sura yake.

Bwana Yesu mwenyewe, anapoifafanua amri ya kutoua, anataja matusi mara moja (Mt. 5:21-22). Mtu anaweza kushangaa kwa nini tusi liwekwe karibu na mauaji. Tutakapoufikia mfano wetu, tutaona kwamba umbali kati ya hayo mawili unaweza kuwa mfupi sana.

SI UGANGA WALA KANUNI YA KUPATA MALI

Kabla ya kuendelea ni vema kuondoa utata. Siku hizi ukisema "nguvu ya maneno", wengi wanafikiria mafundisho yanayosema kwamba Mkristo akikiri kwa kinywa kuwa ni mzima, au ni tajiri, basi lazima iwe hivyo. Mafundisho haya yalienea sana kutoka Marekani katika karne ya 20, hasa kupitia wahubiri kama Kenneth Hagin (1917-2003), na leo yanasikika katika redio na mikutano mingi ya Afrika Mashariki.

Hatupendi kuwadharau ndugu zetu wanaoyafuata. Wana shauku ya kumwamini Mungu, na shauku hiyo ni njema. Hata hivyo tunapaswa kusema wazi tofauti iliyopo. Neno la Mungu linatenda kwa sababu Mungu ndiye anayelisema na ndiye mwaminifu kwa ahadi yake. Neno letu halimlazimishi Mungu. Mtu akidhani kwamba kutamka kwa namna fulani kunaleta matokeo yenyewe, amekaribia sana mawazo ya mganga anayeamini maneno fulani yakisemwa juu ya dawa yatavuta mali.

Tena mafundisho hayo yana jeraha lake. Mgonjwa asipopona anaambiwa hakukiri vizuri. Mama aliyefiwa na mtoto anaambiwa alikuwa na maneno ya mashaka. Hapo neno lililokusudiwa kutia moyo linakuwa hukumu juu ya mtu ambaye tayari anateseka.

Nguvu ya maneno tunayoizungumzia hapa ni ya wazi na ya kila siku. Maneno yana nguvu kwa sababu binadamu anaishi kati ya watu, na watu wanamtendea kama walivyokubaliana kumwita. Akiitwa mwana, anatendewa kama mwana. Akiitwa balaa, anatendewa kama balaa. Hilo halihitaji muujiza ili litokee.

MANENO YALIYOGHARIMU MAISHA

Ualbino ni hali ya kurithi ambayo mwili hautengenezi rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Inakadiriwa mara nyingi kwamba hapa Tanzania mtoto mmoja kati ya takriban 1,400 huzaliwa na hali hiyo, kiwango ambacho ni kikubwa kuliko cha Ulaya au Amerika Kaskazini. Maana yake ni kwamba karibu kila dayosisi ina washarika wenye ualbino, hata kama hawaonekani ibadani.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilianza kusikia habari za watu wenye ualbino kuuawa au kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Viungo hivyo vilitafutwa kwa imani kwamba vinaleta utajiri katika biashara, uvuvi na machimbo. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alifichua jinsi waganga walivyohusika, na baada ya hapo alilazimika kujificha kwa usalama wake. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, bila kuhesabu waliojeruhiwa na makaburi yaliyofukuliwa. Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mwaka 2024 mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao mkoani Kagera, na baadaye mwili wake ukapatikana akiwa ameuawa.

Serikali ilikamata watu, mahakama zilitoa hukumu, na Januari 2015 ikatangazwa marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Hatua hizo zilihitajika. Lakini tujiulize, ilikuwaje jirani akaweza kumtazama mtoto anayecheza uani na kuona fedha? Panga lilikuja mwisho. Kabla ya panga palikuwa na maneno, nayo yalikuwa yamezoeleka masikioni mwa watu kwa miaka mingi.

Neno la kwanza ni "zeruzeru". Wako wanaolitumia bila nia mbaya, lakini watu wengi wenye ualbino wanalikataa kwa sababu limebeba picha ya kiumbe cha ajabu, asiye mtu kamili. Neno la pili ni ule usemi kwamba watu hawa "hawafi, bali hupotea". Ukishaamini kwamba mtu hafi, unaweza kumtendea lolote bila kujiona muuaji. Neno la tatu lilitoka mitaani na sokoni, nalo ni "dili". Watu wenye ualbino wamesimulia jinsi wanavyopita njiani na kusikia vijana wakilitamka, huku wengine wakicheka. Neno hilo ni la biashara. Anayeitwa hivyo ameshawekewa bei.

Tazama ngazi hizo tatu. Neno la kwanza lilimtoa mtu katika ubinadamu, la pili likamtoa katika kifo cha kawaida cha binadamu, na la tatu likamwingiza sokoni. Aliyeshika panga alikuja kumaliza kazi ambayo vinywa vingi vilikuwa vimeianza, na vingi kati ya vinywa hivyo havikuwahi kumtakia mtu mabaya.

Jirani zetu wa Rwanda wanaijua njia hii. Kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wakiwa waanzilishi wa redio hiyo na mmoja mhariri wa gazeti. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu zao, lakini msingi ulibaki, kwamba kuchochea mauaji ya kimbari kwa maneno ni jinai. Dunia ilijifunza hapa kwetu Arusha jambo ambalo Bwana Yesu alikwisha kulisema mlimani.

"NI UTANI TU"

Mara nyingi anayekemewa kwa maneno hujibu kwamba alikuwa anatania. Jibu hili linahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa utani ni sehemu ya utamaduni wetu na una faida zake. Watani huchekana msibani na kwenye harusi, na hakuna anayeumia.

Lakini utani una kanuni. Mtani ana haki ya kujibu, na anajibu kwa nguvu ile ile. Leo wewe unanicheka, kesho nitakucheka mimi, na wote tunajua kwamba undugu wetu uko palepale. Mtoto wa miaka 8 anayeitwa "dili" njiani atamjibu nini mtu mzima? Hana neno la kurudisha. Kinachoitwa utani hapo kimekosa sharti lake la kwanza, kwa hiyo ni tishio lililovaa kicheko.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha jambo. Maneno kama kilema, kipofu na kiziwi yako katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kikombe. Hatusemi kwamba kila anayeyatumia ana dharau, na Biblia yetu ya Kiswahili inayatumia. Hata hivyo mabadiliko ya kusema "mtu mwenye ulemavu" na "mtu mwenye ualbino" yana maana. Yanatanguliza mtu, kisha yanataja hali yake. Sheria ya nchi imefuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa ile Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mhubiri anaweza kusoma andiko kama lilivyo, halafu katika mahubiri akasema "mtu asiyeona". Hapotezi chochote, na aliye kwenye benchi anapata mengi.

YESU ALIBADILISHA SWALI

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa haoni. Swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Hawamsemeshi yule mtu, bali wanamjadili huku amekaa pale pale akiwasikia. Yesu anakataa swali lenyewe. Anasema si yeye wala wazazi wake, kisha anaelekeza macho ya wanafunzi kwenye kazi ya Mungu inayopaswa kufanyika. Baada ya hapo anamgusa na kusema naye.

Swali la wanafunzi bado linaulizwa katika wodi za wazazi. Mama anajifungua mtoto mwenye ualbino, na kabla hajapata nguvu za kuinuka, maneno yameanza. Mume anasema mtoto si wake. Wifi anasema ukoo wetu haujawahi kuwa na jambo kama hili. Jirani ananong'ona juu ya laana. Wakati mwingine mama anaachwa na mumewe kwa sababu ya sentensi moja.

Ukweli unaoweza kuiokoa nyumba hiyo ni mfupi. Mtoto huzaliwa na ualbino pale anaporithi chembe ya urithi ya hali hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Mara nyingi wazazi wote wawili wana ngozi ya kawaida na hawajui kwamba wamebeba chembe hiyo, ambayo imepita kimya kimya kwa vizazi. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo ngozi ya mtoto haithibitishi kwamba mama amekosa uaminifu. Hali hii haiambukizwi, wala si laana.

Maneno hayo yakisemwa na mzee wa kanisa au na mama wa Umoja wa Wanawake, siku ya pili au ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa, yanaweza kuzuia talaka. Yakichelewa mwezi mmoja, huenda mama ameshafukuzwa. Ndiyo maana tunasema maneno ni kazi ya diakonia sawa na kupeleka chakula. Yana wakati wake, na yanahitaji mtu wa kuyapeleka.

KOFIA HAIMFIKII MTOTO ALIYEFICHWA

Watu wenye ualbino wanahitaji vitu vinavyoonekana. Jua linaunguza ngozi isiyo na rangi ya kutosha, na saratani ya ngozi imechukua maisha ya wengi wao wakiwa bado vijana. Wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia miale ya jua na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara. Macho yao hayaoni mbali vizuri, kwa hiyo wanahitaji kukaa mbele darasani na kupata maandishi makubwa. Tunamshukuru Mungu kwamba katika hospitali ya KCMC, Moshi, hospitali yenye mizizi katika huduma ya Kanisa, ulianzishwa utengenezaji wa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu hawa.

Lakini hebu tufuatilie safari ya chupa moja ya mafuta hayo. Imetengenezwa, imesafirishwa na kufika katika ofisi ya usharika. Tangazo linatolewa Jumapili kwamba wazazi wenye watoto wenye ualbino wafike. Kama katika usharika huo watoto hao wanaitwa kwa majina ya dharau, mama hatasimama mbele ya watu. Akisimama, kila mtu atajua kwamba nyumbani kwake yupo. Katika mazingira ya hofu, kujulikana ni hatari. Basi mama anakaa kimya, chupa inabaki kabatini hadi muda wake wa matumizi unapita, na jua linaendelea na kazi yake.

Vivyo hivyo shuleni. Mtoto anayenyamaza kwa sababu haoni ubao anaitwa mjinga. Akiitwa hivyo muda wa kutosha, anaacha shule. Baada ya hapo anafanya kazi ya shamba au ya kuuza vitu juani, kazi ambayo ngozi yake haiwezi kuivumilia. Neno "mjinga" lililosemwa darasa la 2 linaweza kuishia katika wodi ya saratani miaka 20 baadaye.

Wafadhili na marafiki wa Dayosisi wanatuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini fedha fulani hazikuleta matokeo yaliyotarajiwa. Mara nyingi tunatafuta jibu katika usafiri, mvua au uongozi. Tunapaswa pia kutazama kama maneno ya mahali pale yaliruhusu msaada kumfikia mlengwa.

MANENO YETU KATIKA TAARIFA

Jambo hili linatugusa pia sisi tunaoandika taarifa. Katika kuomba msaada ni rahisi kutumia maneno yanayovuta huruma, kama vile "wasiojiweza", "wahanga" na "viumbe hawa". Ni rahisi pia kutumia picha ya jeraha bila kumuuliza mwenye jeraha. Fedha inaweza kupatikana kwa njia hiyo, lakini mtu anakuwa ameuzwa kwa namna nyingine. Yule mtoto atakua, atajua kusoma, na siku moja atakutana na taarifa yetu.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alieleza kwamba amri ya nane haikatazi uongo na masingizio peke yake. Inatuagiza pia kumtetea jirani, kumsema vizuri na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Maelezo hayo tuliyasoma wote katika mafundisho ya kipaimara. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amri hiyo haiwahusu waratibu wa miradi wanapoandika maombi ya fedha.

Tunawaomba na wafadhili watusaidie. Mkipokea taarifa inayomwonyesha mtu mwenye ualbino kama fundi, mwalimu, mkulima au mwimbaji wa kwaya anayehitaji mafuta ya ngozi, msiione kuwa ni dhaifu kuliko ile yenye picha ya kutisha. Lindi Mjini ilimchagua mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wake, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuingia Bungeni. Taarifa kama hizo nazo ni za kweli.

MAMBO AMBAYO KAMATI INAWEZA KUFANYA

Baada ya kueleza hayo, tunapendekeza kamati za sharika na za mitaa zizingatie mambo yafuatayo. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

1. Kutembelea mapema. Mtoto mwenye ualbino au ulemavu wowote anapozaliwa, wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wafike nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Waombe, wampongeze mama kwa kujifungua kama wanavyompongeza mwingine yeyote, na wawaeleze baba na ndugu ukweli kuhusu urithi. Baba asikosekane katika mazungumzo hayo.

2. Ubatizo wa hadharani. Wazazi watiwe moyo kumleta mtoto mbele ya usharika wote, si kwa siri ofisini. Jina la mtoto likitamkwa mbele ya watu wote, usharika mzima unakuwa shahidi na mlinzi wake. Familia ikiwa na hofu ya usalama, isikilizwe na ishauriwe, wala isilazimishwe.

3. Matangazo ya misiba na maziko. Mshiriki mwenye ualbino akifariki, msiba wake utangazwe kwa jina na azikwe mbele ya watu kwa ibada kamili. Kila maziko ya namna hiyo yanaujibu uongo wa kwamba watu hawa hupotea. Familia ishauriwe pia kuliimarisha kaburi.

4. Shule ya Jumapili. Walimu wakubaliane majina yasiyoruhusiwa, na wayakemee siku hiyo hiyo yanaposikika. Watoto wafundishwe neno sahihi badala ya kukatazwa tu lile baya. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, na apewe nafasi ya kusoma na kuimba kama wenzake.

5. Njia ya faragha ya kupata huduma. Badala ya kuwaita wazazi wasimame ibadani, tangazo liseme ni nani wa kumwona, na mtu huyo awe mwenye kutunza siri. Kamati iwasiliane na Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania katika mkoa wake ili kujua ratiba za kliniki za ngozi.

6. Mimbarini na kwenye mikutano. Yakobo anasema wanaofundisha watahukumiwa kwa uzito zaidi (Yak. 3:1). Mfano wa dharau ukitolewa na mhubiri, washarika watauchukua kama ruhusa. Mwenyekiti wa kikao naye asiruhusu mtu ajadiliwe kwa jina la dhihaka, hata kama hayupo.

7. Kusema mapema penye hatari. Maneno ya "dili" yakisikika kijiweni, au mgeni akianza kuulizia nyumba yenye mtoto mwenye ualbino, taarifa itolewe mara moja kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na polisi. Wakati mwingine kunyamaza ndiko kunakoua.

MASWALI YA MAJADILIANO

Kamati inaweza kutumia maswali haya katika kikao au katika jumuiya:

- Ni maneno gani yanatumika katika eneo letu kuwaita watu wenye ualbino, wenye ulemavu, wajane au watoto waliozaliwa nje ya ndoa? Je, wahusika wenyewe wanapenda kuitwaje, na tumewahi kuwauliza?
- Soma Yohana 9:1-7. Katika usharika wetu, swali la wanafunzi linaulizwa wapi na nani?
- Je, kuna mtoto tunayejua kwamba amefichwa nyumbani? Ni maneno gani yaliyomfanya afichwe, na ni nani anayeweza kwenda kusema neno jingine?

HITIMISHO

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona, lakini neno likishatoka kinywani haliwezi kurudishwa, na mwenye kulisema hajui litafika kwa nani.

Kila Jumapili ibada yetu inamalizika kwa maneno ambayo Mungu mwenyewe aliwaagiza Haruni na wanawe wayatamke juu ya Waisraeli (Hes. 6:22-27). Agizo lile halikuwatenga watu kwa rangi ya ngozi wala kwa uzima wa viungo. Mchungaji anapoinua mikono, baraka inatamkwa juu ya wote waliomo, nao wanatumwa nyumbani wakiwa wamebarikiwa. Kazi ya kamati inaanzia hapo mlangoni, kuhakikisha kwamba mtoto aliyebarikiwa ndani hakutani nje na kinywa kitakachomnyang'anya baraka hiyo kabla hajafika kwao.